Mchawi wako asomee fani gani? Somo kutoka Tarime na Serengeti

Kwenye meza zetu za Dungeons & Dragons hapa chuoni, mpiganaji akishachagua upanga kazi yake imeisha. Mchawi ndiye anayetuchelewesha. Lazima achague fani, na wengi wanakimbilia moto kwa sababu moto unaua haraka. Mimi ni mtoto wa Mara, na naona wataalamu wa jadi wa kwetu wanatufundisha njia nzuri zaidi ya kuchagua.

Kwanza sheria yenyewe

Mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1974. Katika toleo la 2014, ambalo vikundi vingi bado vinatumia, mchawi huchagua fani akifika ngazi ya 2. Toleo la 2024 limesogeza uchaguzi hadi ngazi ya 3, na kitabu kikuu kimebakiza fani nne tu.

Fani nane za 2014 kwa majina ya kwetu ni hizi: kinga, wito (kuleta viumbe na vitu), ubashiri, mvuto wa nia (ukitaka iite limbwata), mlipuko, kiinimacho, mauti (huku ndiko kwenye misukule) na mageuzi.

Hapa wageni huchanganyikiwa: kuchagua fani moja hakukufungii nyingine. Mtaalamu wa kinga anaweza kurusha moto kama kawaida. Katika toleo la 1989 bingwa wa fani alipigwa marufuku fani zinazopingana na yake, lakini hilo limepita. Fani ya leo inaonyesha wewe ni wa kutegemewa kwa jambo gani.

Wataalamu wa Mara

Ukiuliza nyumbani mtaalamu fulani ana kazi gani, hutajibiwa kwamba ana nguvu kiasi gani. Utaambiwa anawafanyia watu nini.

Wakurya wa Tarime wana inchama, baraza la siri la wazee. Kila nchi ya Wakurya, iwe ya Wairegi, Wanyabasi au Wanchari, ina baraza lake la kulinda watu na ardhi yao. Wapo pia waonaji, ambao Malcolm Ruel aliwaandikia makala mwaka 1991. Kazi yao ilikuwa kuona yajayo.

Ukivuka Mto Mara kuingia Serengeti unawakuta Waikoma na Machaba, pembe za ndovu zinazoheshimiwa sana, ambazo masimulizi yanasema walizipata kwa nabii wa Kitatoga. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha 2007 Imagining Serengeti, anaeleza jinsi rika lenye zamu lilivyotembea kuizunguka nchi ili kuikinga. Majirani zao Waikizu, upande wa Bunda, wanamkumbuka Nyakinywa, mwanamke aliyekuja na uwezo wa mvua.

Sasa weka kwenye karatasi ya mchezo. Inchama na rika linalozunguka nchi ni kinga. Mwonaji ni ubashiri. Nyakinywa ni mageuzi, maana kitabu cha 2014 kimeweka uchawi wa kutawala hali ya hewa kwenye fani hiyo, tena daraja la 8. Wote hao wanajulikana kwa kile ambacho jamii ingekikosa kama wasingekuwepo.

Maswali matatu kabla hujachagua

Tuseme msimulizi ameanzisha kisa hiki: ng'ombe wameibwa usiku, nyayo zinaelekea Mto Mara, na wenye mali wako tayari kulipiza kabla hakujakucha. Kwetu hiki ni kidonda cha kweli, kwa hiyo usikichukulie poa.

1. Kikundi kimekosa nini? Kama mna wapiganaji wawili, wa kuumiza wapo. Mbashiri kila akiamka hurusha dadu mbili za pande 20 na kuzitunza, kisha huweka namba hizo mahali pa dadu ya mtu mwingine. Akiwa na 19 mfukoni, mzee wenu atawatuliza vijana wenye hasira pale inapohitajika.

2. Nani yuko karibu na hatari? Boma lina watoto na mifugo. Ukiwa wa mlipuko, fani yako inakuruhusu kuwaepusha na moto viumbe idadi ya 1 jumlisha daraja la uchawi: kwa uchawi wa daraja la 3, ni wanne. Wa tano anaungua. Kahesabu waliomo ndani kwanza.

3. Mtabaki hai? Mchawi wa ngazi ya 2 asiye na nyongeza ya mwili ana uhai wa 10 hivi. Akichagua kinga na ana nyongeza ya akili ya 3, anapata ngao ya 7: ngazi mara mbili, jumlisha 3. Akifika ngazi ya 6 anaweza kumkinga mwenzake kwa ngao hiyo. Kikundi cha watu wawili au watatu kianzie hapa.

Angalia neno "mchawi"

Jambo la mwisho ni la nje ya meza. Mezani "mchawi" ni cheo. Kijijini ni shutuma, na shutuma hiyo imewafukuzisha watu makwao na kuwaua wengine, hasa vikongwe wa Kanda ya Ziwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado ipo, inamfanya mkosaji hata anayejinadi kuwa na nguvu hizo. Inchama si wachawi, na mwonaji si mchawi. Ukiwaita hivyo mbele ya bibi yangu hutapewa hata uji.

Kwa hiyo ukimwazima mhusika kutoka Mara, mpe cheo chake halisi: mwonaji, mzee wa inchama, mwenye mvua. Halafu andika juu ya karatasi yake sentensi moja inayojibu: watu wake wanamwita kukitokea nini? Ukiipata hiyo, fani umeshaipata.