Uvimbe wa Ubongo kwa Mtoto: Kipimo cha Vinasaba Kinaona Nini?

Mtoto wa Palma au Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, akiamka kichwa kinamuuma na anatapika, ni rahisi kudhani ana malaria, ugonjwa uliozoeleka kwenye pwani hiyo. Lakini hali hiyo ikijirudia kila asubuhi kwa wiki kadhaa, naye akaanza kuyumba au kupata makengeza, kichwa kinahitaji kupigwa picha, kwani huenda ni uvimbe wa ubongo.

Kipimo cha vinasaba kina tofauti gani na darubini?

Darubini huonyesha umbo la seli za uvimbe. Kipimo cha vinasaba huonyesha hitilafu iliyozifanya seli hizo ziote ovyo. Ndiyo maana uainishaji wa uvimbe wa ubongo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021 unavipa vinasaba nafasi kubwa.

Jina sahihi la uvimbe linamsaidiaje mtoto?

Linaongoza matibabu. Medulloblastoma, uvimbe unaoota kisogoni, una makundi makuu manne. Wenye kundi liitwalo WNT hupona vizuri wakitibiwa. Kundi la 3 ni kali zaidi. Mionzi mingi ya matibabu huweza kudhoofisha ukuaji na uwezo wa kujifunza wa mtoto mdogo, kwa hiyo kuuweka uvimbe kwenye kundi lisilo lake kuna gharama ya maisha yote.

Makosa hutokea kweli?

Hutokea hata penye mabingwa. Mwaka 2018 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walieleza katika jarida la Nature mfumo wa kompyuta unaosoma alama za kikemia zilizoshikamana na DNA ya uvimbe. Kati ya wagonjwa zaidi ya 1,000 waliopimwa, takriban asilimia 12 walibadilishiwa jina la ugonjwa.

Familia ya Palma itafanyaje?

Hospitali ya wilaya haina upasuaji wa ubongo. Rufaa huelekea Pemba, Nampula, hata Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Vita vya Cabo Delgado vilivyoanza Oktoba 2017 vimebomoa vituo vya afya na kuwatawanya watu, na safari imezidi kuwa ngumu.

Hata hivyo, mtoto asipoweza kufika kwenye maabara kubwa, sampuli yake inaweza kufika. Daktari akishatoa kipande cha uvimbe, hukitia mara moja kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, kisha maabara hukigandisha ndani ya nta. Kipande hicho hukaa miaka bila friji, na mfumo wa Heidelberg unaweza kukisoma. Zipo pia rangi maalumu za maabara, za bei nafuu zaidi, zinazoonyesha baadhi ya hitilafu kwa darubini ya kawaida.

Mzazi afanye nini?

Asingoje homa wala degedege ndipo aende hospitali. Aeleze dalili zilianza lini, atunze picha na karatasi zote, na mtoto akishapasuliwa, aulize: kipande cha uvimbe kimehifadhiwa wapi, na kwa namba gani?