Biogesi: Samadi ya ng'ombe inayoweza kumwokoa mama na moshi wa jikoni

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la wakulima na mafundi, kumbe ni la afya moja kwa moja. Nalo ni biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi.

Tuanze na maradhi. Mama anayepika kwa kuni huvuta moshi asubuhi na jioni, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni. Moshi huo una chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Matokeo yake ni nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima kikohozi sugu, maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano. Sisi matabibu tunaweza kumpa mtoto dawa akapona, lakini akirudi nyumbani jiko ni lile lile.

Dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wenzetu. Basi mwenye ng'ombe zizini asipuuze neema aliyonayo.

Biogesi hupatikanaje?

Samadi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, kisha humiminwa katika shimo lililojengwa na kufunikwa lisiingie hewa. Humo bakteria huiozesha na kutoa gesi, ambayo sehemu kubwa ni methani. Gesi hupita katika bomba hadi jikoni. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za gesi. Ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa ndani wakitoa kilo 25 kwa siku, utapata lita 1,000, zinazotosha kuwasha jiko moja kwa saa mbili hadi tatu. Hiyo ni kazi ya takriban kilo tano za kuni. Tope linalobaki ni mbolea nzuri ya shambani. Kwa hiyo samadi ile ile imepika, imelisha migomba, na miti haikukatwa.

Teknolojia hii si ngeni Tanzania. SIDO ilianza kuijenga mwaka 1975, CAMARTEC ya Arusha ikaiendeleza miaka ya 1980, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa kitaifa wa biogesi ya majumbani. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034.

Suala la najisi

Wapo wanaoona kinyaa kupikia gesi ya samadi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, kinyesi cha ng'ombe ni najisi. Kwa Imam Malik na Imam Ahmad, kinyesi cha mnyama aliwaye ni tohara. Kwa upande wa afya, samadi haifiki kwenye sufuria. Kinachofika ni gesi, nayo huungua kwa moto wa buluu usio na masizi. Kwa hukumu ya sharia, muulize shekhe wako. Lakini anayekoroga samadi awe na nguo maalumu za kazi hiyo, na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Nguo hizo asiswalie.

Mambo ya kuzingatia

1. Lisha mtambo kila siku. Ipo mitambo iliyojengwa kwa gharama kubwa ikafa kwa sababu hakuna aliyepewa zamu ya kuilisha.

2. Usimwage humo maji ya sabuni wala dawa ya kuua wadudu, kwani huua bakteria.

3. Ukisikia harufu ya yai viza, funga koki, fungua madirisha na milango. Usiwashe kiberiti wala taa.

4. Asiingie mtu ndani ya shimo, hata likiwa tupu. Gesi iliyobaki huua kwa dakika chache, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa naye. Mwite fundi.

5. Shimo la tope liwekewe kifuniko imara, watoto wasitumbukie.

6. Tope bado linaweza kuwa na vijidudu na mayai ya minyoo, hasa choo kikiwa kimeunganishwa. Usimwagie mboga zinazoliwa mbichi.

Ndugu msomaji, gharama ya kujenga ni kubwa kwa familia nyingi, na asiye na mifugo wala maji karibu hawezi kuuendesha mtambo huu. Huyo aanze kwa kupanua dirisha la jiko, kukausha kuni vizuri na kumweka mtoto mbali na moshi. Lakini mwenye ng'ombe wawili, maji na uwezo wa kuchanga kidogo kidogo, akae na familia yake waamue nani atalisha mtambo, kisha ndipo amwite fundi.

Wabillahi tawfiq.