Kabla ya Kununua Kiwanja cha Ufukweni

Mnunuzi anayeonyeshwa kiwanja cha ufukweni maji yakiwa yamekupwa hurudi nyumbani akiamini kwamba bahari iko mbali. Somo hili linaeleza jinsi wataalamu wanavyokadiria mahali ambapo maji yanaweza kufika, ili mnunuzi ajue la kuuliza kabla ya kulipa.

Katika mwambao wa Tanzania, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Mwendo huo husababishwa na mwezi na jua, hivyo hutabiriwa mapema katika jedwali la maji. Jedwali hilo, hata hivyo, halihesabu dhoruba. Upepo mkali husukuma maji kuelekea pwani. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1, bahari huinuka kwa takriban sentimita 1. Na mawimbi huja juu ya hayo. Hatari kubwa hutokea yote yanapokutana na kilele cha bamvua.

Kituo cha kupimia usawa wa bahari cha Unguja kina kumbukumbu tangu mwaka 1984, muda mfupi kwa kukadiria matukio ya nadra. Kwa hiyo hutumika modeli ya kompyuta: bahari hugawanywa katika miraba, kisha kina, upepo na mgandamizo wa hewa wa miongo iliyopita huingizwa ili kukokotoa mikondo na usawa wa maji katika kila mraba. Matokeo hulinganishwa na vipimo halisi kabla ya kuaminiwa.

Ukiambiwa “kiwango cha mara moja katika miaka 100”, usidhani kwamba mafuriko yakishapita utakuwa salama kwa karne nzima. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa nyumba ya miaka 30, uwezekano wa kufikiwa angalau mara moja ni takriban asilimia 26.

Jiulize na umuulize muuzaji:

1. Kiwanja kiko mita ngapi juu ya wastani wa usawa wa bahari? Usilinganishe jibu moja kwa moja na jedwali la maji, ambalo huhesabu kuanzia karibu na kiwango cha chini kabisa cha maji kupwa.

2. Ufukwe huonekanaje wakati wa kusi, na wakati wa kaskazi? Mawimbi na mikondo huhamisha mchanga pepo zinapobadilika.

3. Je, kiko nje ya mita 60 kutoka ufukweni, ambamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara huzuia shughuli za kudumu?

Swali lisilopata jibu kabla ya malipo hujibiwa na bahari baada ya kujenga.