Kukufurishana Ndiko Mwanzo wa Fitina

Jueni, ndugu zetu Waislamu, ya kuwa ghuluu, nayo ni kuvuka mpaka katika dini, haianzi kwa silaha. Huanza kwa ulimi: mtu kumkufurisha Muislamu mwenziwe.

Ndivyo walivyoanza Khawarij. Katika vita vya Siffin, mwaka 37 wa Hijra (657), Sayyidna Ali alikubali suluhu kwa waamuzi. Wao wakamkufurisha, wakajitenga. Ibn Abbas akawaendea kwa hoja, na wengi wakarejea. Waliobaki wakamwaga damu, ndipo wakapigwa Nahrawan mwaka 38.

Na wachunguzi wa fitina ya Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, wameona njia ile ile. Polisi wa Mocímboa da Praia walishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017. Lakini miaka kabla yake vijana walikwisha kuihama misikiti ya wazee wao, wakajenga yao, wakazikataa skuli za serikali. Ufukara na ukosefu wa kazi ukawaongezea wafuasi.

Mtu akiuliza: Waliojitenga kwa rai tu, hukumu yao ni nini?

Jawabu: Imamu Shafi, katika kitabu chake Al-Umm, amebainisha ya kuwa kuacha jamaa na kukufurisha watu hakuhalalishi kupigwa vita, maadamu hawajapigana. Aliyeshika silaha ana hukumu yake mbali.

Basi kijana akiiacha safu yetu, tusimfukuze wala tusimkufurishe. Tumwendee kwa elimu, kabla hajaendewa na mwenye bunduki. Wallahu aalam.