Mpime Urefu Kabla ya Kumnyima Chakula

*Dada, binti yangu ana miaka saba na kwa uzito amempita dada yake wa miaka kumi na mmoja. Hapa kambini Nakivale mgao wa chakula umepunguzwa, kwa hiyo majirani wananisema: "Huyu anakula cha nani?" Mama mkwe anasema unene ni baraka, nisimguse. Mimi nimeanza kumlaza bila chakula cha jioni. Juzi usiku nilimkuta gizani anakwangua ukoko wa posho kwenye sufuria. Nifanye nini?*
*Mama wa Juru*

Mdogo wangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye sufuria. Leo jioni mpe chakula kama wenzake. Kumlaza na njaa hakumponyi, kunamfundisha kula kwa kujificha.

Wengi hudhani unene ni hesabu ya sahani tu. Ukweli ni kwamba mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo huupa ubongo habari kwamba akiba ipo, sasa acha kula. Iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, wakiwemo Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja: msichana wa miaka 8 mwenye kilo 86, na binamu yake wa miaka 2 mwenye kilo 29. Jeni yao ya leptini ilikuwa na hitilafu. Walikula, lakini ubongo haukupata habari ya shibe. Walipotibiwa kwa sindano za leptini, njaa ilitulia na uzito ukashuka. Mama zao hawakuwa wazembe, na watoto hawakuwa walafi.

Hali ya namna hiyo ni nadra sana, na sindano hiyo haimsaidii mtoto ambaye leptini anayo. Kwa wengi, unene husukumwa na jeni nyingi, kila moja kidogo. Mojawapo ni FTO, iliyojulikana mwaka 2007: mtu mzima aliyerithi aina yake ya kunenepesha kwa baba na kwa mama huwazidi wasio nayo kilo 3 hivi. Ndiyo maana watoto wanaokula sinia moja hawanenepi sawa.

Kuna pia jambo linalotugusa sisi tuliokimbia vita. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Waholanzi walikumbwa na njaa kali. Miaka 19 baadaye vijana wa kiume walipopimwa jeshini, wale ambao mama zao walikaa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walionekana kuwa wanene zaidi. Mwili ulioonja njaa tumboni huweza kujifunza kuweka akiba. Ikiwa mimba ya binti huyu uliibeba njiani, mwambie daktari.

Sasa tumpime urefu: chukua kipande cha mkaa. Mvue viatu, msimamishe wima, visigino na mgongo viguse ukuta. Weka kitabu juu ya kichwa chake, chora mstari, andika tarehe. Baada ya miezi mitatu, rudia. Mtoto anayenenepa kwa chakula kwa kawaida hurefuka vizuri, hata kuwapita wenzake. Lakini anayenenepa huku urefu umesimama anahitaji daktari upesi. Huenda tezi ya shingoni imelegea, au ametumia muda mrefu dawa zenye steroidi. Kumbuka kila kitu ulichonunua duka la dawa: vidonge vya pumu, vya kuwashwa, hata krimu za kung'arisha ngozi. Usimkatishe dawa ghafla. Beba pakiti zake uende nazo.

Kuna dalili nyingine za kumweleza daktari:

- Alianza kunenepa sana kabla ya miaka mitano, na hata akishiba njaa haimwachi.
- Alipozaliwa alikuwa amelegea, hawezi kunyonya, kisha baada ya miaka miwili au mitatu akaanza kula bila kikomo.
- Alizaliwa na kidole cha ziada, au giza likiingia haoni vizuri.
- Shingo yake ina weusi kama mahameli. Mama wengi huusugua kwa brashi mpaka mtoto analia, wakidhani ni uchafu. Si uchafu. Mara nyingi ni ishara kwamba insulini inashindwa kazi yake, na kisukari kinanyemelea.

Anzia kituo cha afya hapo kambini, na ukiona dalili hizo, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Nenda na kadi yake ya kliniki na vipimo vyako vya ukutani. Omba wapime uzito wake kwa kulinganisha na urefu na umri, presha, sukari na tezi.

Nyumbani, usimpikie peke yake. Badilisheni wote: chai iwe na sukari kidogo, soda na mandazi visiwe vya kila siku, na kwenye sahani mboga ya dodo (mchicha) na maharagwe viwe vingi kuliko posho au matoke. Acheze walau saa moja kwa siku na alale mapema. Huhitaji kumkondesha. Kwa watoto wengi wa umri wake inatosha kilo zisipande haraka, urefu uzifikie.

Mama mkwe mwambie kwa heshima: baraka ni mtoto mwenye afya, na afya hupimwa. Majirani waambie mtoto anatibiwa, basi. Binti mwenyewe mwambie hana kosa lolote, umwambie hivyo mkiwa mnakula pamoja.

Mstari wa pili ukishauchora, niandikie umepanda kiasi gani. Nitausubiri.

Dada yako