Je, wenzangu watajua nimelalamikiwa?

*Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi California. Bodi ya leseni imeniandikia kuwa mgonjwa amenilalamikia. Silali. Jina langu litaanikwa? – Mama Z.*

Pole, Mama Z. Kwa sasa, hapana. California, lalamiko na uchunguzi wake ni siri; anayetafuta leseni yako mtandaoni haoni kitu. Siri huisha mashtaka rasmi yakiwasilishwa: hapo huwa hati ya umma, nawe una siku 15 tu za kujibu. Malalamiko mengi hufungwa kabla ya kufika huko.

Mpelelezi akipiga simu, chukua namba yake, umwambie wakili atampigia. Usimtafute mgonjwa. Usifungue faili lake, hata kusahihisha tarehe. Kompyuta hurekodi kila aliyeingia. Na barua hiyo, tafadhali, usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.