Kabla Hujaagiza Shahamu: Hesabu ya Mtengeneza Sabuni wa Kigoma

Mtengeneza sabuni wa Ujiji au Mwandiga ana mawese mlangoni. Akisikia kuna shahamu ya ng'ombe kutoka ng'ambo, eti bei yake Dar es Salaam ni poa, asiikatae wala asiikimbilie. Apige hesabu kwanza.

Hatua ya 1: Ijue namba ya forodha. Shahamu ya ng'ombe, kondoo na mbuzi ni 1502. Mafuta ya nguruwe na ya kuku ni 1501, ya samaki 1504, mawese 1511. Ujiji wateja wengi ni Waislamu, na wana haki ya kujua wanachoogea. Ankara ikisema "mafuta ya wanyama" bila kumtaja mnyama, achana na mzigo huo.

Hatua ya 2: Tafuta bei ya kilo. Fungua Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, chagua Tanzania, uagizaji, namba 1502. Utapewa thamani kwa dola na uzito kwa kilo. Gawanya thamani kwa uzito. Kwa mfano, dola 26,000 kwa kilo 20,000 ni dola 1.30 kwa kilo.

Hatua ya 3: Tazama wingi kabla ya kuiamini bei hiyo. Kontena la futi 20 hubeba takriban tani 20. Kama mwaka mzima yameingia makontena mawili matatu, bei uliyoipata ni ya mwagizaji mmoja au wawili, si ya soko. Hapo angalia wauzaji wakubwa, kama Australia, wanauza nje kwa bei gani.

Hatua ya 4: Ufikishe mzigo Kigoma, kwenye karatasi. Thamani ya uagizaji imeshabeba nauli ya meli na bima, basi. Ushuru, VAT ya asilimia 18, tozo na malipo ya wakala bado. Halafu kuna zaidi ya kilomita 1,200 za reli, au lori. Gawanya jumla yote kwa kilo zitakazokufikia.

Hatua ya 5: Sasa linganisha na mawese. Hapa ndipo watu wengi hupunjika, kwa sababu mawese huuzwa kwa dumu na shahamu kwa kilo. Dumu la lita 20 lina takriban kilo 18 tu, na ndani yake huenda mna maji na machicha. Pima kilo moja ya mawese, ibandike kwenye sufuria kwa moto mdogo mpaka yaache kutatarika na povu litulie, yachuje, kisha uyapime tena. Zikibaki gramu 950, kila kilo umelipia gramu 50 za takataka. Bei ya dumu igawanye kwa kilo za mafuta safi; hiyo ndiyo bei yako halisi ya mawese. Upande wa kostiki soda hakuna unafuu: kilo ya shahamu na kilo ya mawese zote hula karibu gramu 140. Mafuta ya mise, yaani ya kiini cha mbegu ya mchikichi, ndiyo hula zaidi, karibu gramu 175, kwa hiyo ukichanganya ili upate povu, usitumie kipimo kilekile.

Kwa maoni yangu, shahamu isipokuwa nafuu kwa tofauti ya wazi baada ya hatua hii, fedha ibaki kwa mkulima wa jirani. Mzigo wake unauona kabla hujalipa.

Hatua ya 6: Fuatilia dunia. Indonesia ilipozuia mawese yake yasiuzwe nje mwishoni mwa Aprili 2022, kwa wiki tatu na ushei, wanunuzi duniani walihangaika kutafuta mafuta mengine. Marekani nayo siku hizi inageuza shahamu nyingi kuwa dizeli, hivyo mwenye kiwanda cha sabuni anagombania pipa moja na mwenye kiwanda cha mafuta ya magari. Bei ya mwezi uliopita usiiwekee oda; dai mpya, kwa maandishi, yenye tarehe ya mwisho.